Panya Walioila Kofia ya Mzee

Mimi panya nilikuwa siwaogopi. Nimekulia Unguja, panya wakipita juu ya maboriti kama wanakwenda harusini, na mama yangu akiwatukana kwa majina ya majirani aliogombana nao, sisi watoto tukicheka mpaka tunalia. Panya wa kwetu anakuja, anaiba, anakwenda zake. Lakini panya wa hapa Khodh, Maskati, hawa wanaokuja na baridi, nimewajua uzeeni. Na tangu niwajue, nikisikia kitu kinakwaruza, hata akiwa mjukuu anajikuna mguu, naweka kikombe chini natega sikio.

Hebu nikuhadithieni, mwenye chai akoroge.

Gari yenyewe ni ya mzee wangu, yaani mume wangu. Kubwa, nyeupe, ya zamani. Kila Ijumaa anaiosha mwenyewe, hataki mtu aiguse. Siku moja nikamwambia, "Wallahi weye, unaamka unakwenda kuitizama gari kwanza, mimi huniulizi hata nimelalaje."

Akanijibu, "Weye ukiumwa unasema mwenyewe, tena mpaka mtaa wa pili wanasikia. Ile masikini haina mdomo."

Basi mwaka ule moyo ukamsumbua. Akipanda ngazi mbili anasimama, anajifanya anatizama picha ukutani. Madaktari wakasema mishipa imeziba, akafunguliwe kifua India. Mtoto wetu mwanamme ndiye wa kufuatana naye. Magoti yangu hayawezi safari, nikabaki nyumbani na binti yetu, anayesomesha chuo hapa hapa, na dada wetu wa kazi, mwanamke wa Singida, mchapakazi, hacheki ovyo, akicheka ujue jambo lina maana.

Asubuhi ya safari nikamkaangia mzee visheti. Sukari kakatazwa, najua, msinitolee macho. Mtu anakwenda kupasuliwa kifua, utamnyima kisheti? Akavila njiani, kakaa kiti cha mbele, binti anaendesha, mimi na kijana nyuma. Tukaruka tuta, bakuli lote likampindukia mapajani. Visheti na chembe za sukari vikatawanyika kitini, chini ya miguu, mpaka ndani ya yale matundu ya esi. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Hii sadaka ya gari," akasema.

Tulipofika uwanja wa ndege akavua kofia yake. Kofia ya mkono ile, nyeupe, nimeitia sindano mimi mwenyewe miezi minane, macho yakinitoka maji. Akaiweka juu ya dashibodi, akafunga kilemba.

"Iacheni hapo hapo," akasema. "Nikirudi, gari hii ndiyo ije inichukue. Nitaivaa kofia yangu na nitaendesha mwenyewe mpaka nyumbani."

Binti akamwambia, "Baba, utaendesha na kifua kimeshonwa?"

"Kwani usukani unashikwa kwa kifua?"

Akaenda. Hakugeuka nyuma, maana msafiri hageuki. Nami nikaitizama ile kofia, nikaona kama kichwa chake kimebaki nasi.

Tuliporudi, dada wa kazi akatoka na ufagio na ile mashine ya kunyonya vumbi, aisafishe gari kabla ya kuifunika. Nikamzuia. Nikampokonya ufagio mkononi, masikini, mpaka akashtuka.

Kwetu nyayo za msafiri hazifagiliwi. Mtu akiondoka, ufagio unalazwa mpaka ije khabari kwamba kafika. Wengine wanaona mambo ya kizamani. Mimi nilipokuwa mtoto, kaka yangu mkubwa aliondoka asubuhi kwenda kutafuta maisha bara, na mimi, kwa kujipendekeza kwa mama, nikashika ufagio wa chelewa nikafagia baraza yote, hata alama za viatu vyake mchangani nikazifuta. Mama alipotoka akapiga ukelele. Kaka yangu hatukumuona tena, wala barua, wala mtu wa kusema nimemuona. Hakuna alonilaumu kwa mdomo. Lakini nimezeeka nao ule ufagio.

Kwa hivyo gari ikafunikwa kwa turubai lake, na visheti vyake ndani, na kofia yake juu ya dashibodi.

Kesho yake mzee akatuma picha, kavaa nguo za hospitali za kijani. Binti akaja, "Mama, khalas, baba keshafika. Tusafishe gari."

Nikamwambia, "Kafika hospitali. Hospitali si mahala pa kufika mtu. Kufika kwake ni hapa."

Akanitizama, akaondoka. Ana elimu yake, lakini hakushika ufagio.

Mzee kila akipiga simu, baada ya salamu, suali la kwanza ni moja. "Gari yangu hali yake?"

"Nzima, kama ulivyoiacha."

Mwanzo nilikuwa nasema kweli.

Baridi ikaingia. Baridi ya Maskati si kitu, ni ya kuzima esi na kutoa blanketi, lakini panya wa wadini anaijua. Nyumba yetu haiko mbali na wadi, lile korongo la mawe. Ikinyesha milimani, maji yanashuka, na viumbe vyote vilivyolala kwenye mawe vinatafuta pa kwenda. Mwaka ule ikanyesha mara mbili mfululizo. Madaktari nao wakawa wanaahirisha: leo sukari imepanda, kesho kifua kina mafua, wiki ijayo inshallah.

Asubuhi moja dada wa kazi akaja jikoni kanyoosha kiganja. Ndani yake mna vitu vyeusi, kama mbegu za habasoda.

"Bibi, nimevikuta juu ya turubai la gari."

"Basi panya kapita."

"Panya anayepita haachi vingi hivi. Huyu amehamia."

Nikamwambia tutie ubani. Tukajaza chetezo makaa, nikaweka ubani mzuri, ule mweupe wa Dhofar, dada akafunua turubai, nikafukiza gari nje na ndani, nasoma Ayatul Kursiy, yeye ananishikia mlango. Moshi ukajaa mpaka kofia ya mzee siioni. Nikatoka nimeridhika.

Dada akasema taratibu, "Bibi, panya wa huku wamezaliwa ndani ya ubani. Wataukimbilia wapi?"

Tukacheka wote wawili. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa ajili ya panya.

Maana baada ya siku tatu nilikwenda mwenyewe, baada ya alasiri, nikaweka sikio kwenye mlango wa gari. Upepo hakuna. Turubai limetulia. Na ndani nasikia kitu. Si mbio, panya akikimbia unamjua. Ni kutafuna. Taratibu, kama mtu anayejua kwamba ana wakati. Nikagonga kioo. Kikanyamaza. Nikasubiri, nahesabu tasbihi, na kabla sijamaliza kikaanza tena.

Jioni ile mzee kapiga simu, sauti imekuwa nyembamba. "Gari yangu?"

"Nzima," nikasema.

Tukafanya kila alichosema mtu. Binti akaleta naftalini, tukazitundika kwenye soksi. Kesho yake soksi moja haipo. Nikatia majani ya nanaa chini ya viti. Yakakauka, gari ikanukia chai. Binti akanunua gundi ya panya pale sokoni Sib, akaipaka kwenye vibao, akaviweka chini ya viti. Tukanasa mmoja, mdogo kama kidole gumba, na alivyokuwa akilia nikamwambia binti asiweke tena. Na kila tulichofanya, kutafuna kulikuwa kunasogea. Mara kwenye kiti. Mara nyuma ya dashibodi. Mara mbele, ndani ya boneti.

Dada wa kazi alikuwa akitutizama tu. Siku moja, anakuna nazi, akasema bila kuniangalia, "Kwetu tunaweka mtama kwenye vihenge. Panya hafukuzwi kwa harufu, Bibi. Anafukuzwa kwa njaa. Mle ndani kuna chakula."

"Mna visheti vya mzee."

"Ndiyo hivyo nasema."

"Mwanangu, niombe chochote. Hicho sikiwezi."

Akaacha kukuna. Nikamsimulia khabari ya kaka yangu na ufagio. Ananisikiliza, mbuzi ya nazi kaikalia. Nilipomaliza akauliza, "Sasa Bibi, tukiacha, hao panya si ndio wanaozifagia hizo nyayo?"

Nilikasirika nikaenda kusali, na rakaa nilisahau ngapi.

Baada ya sala nikaenda garini, nikafunua turubai upande wa mbele. Visheti kitini hakuna hata kimoja. Na juu ya dashibodi, pale palipokuwa na kofia, pana duara tu, pasafi, vumbi limezunguka. Kofia hakuna.

Nilitafuta kwa macho kupitia kioo. Chini, kitini, nyuma. Nikarudisha turubai kama mtu anayemfunika maiti, na nikilisema neno hilo mwenyewe kichwani nikajipiga kofi la mdomo. Sikumwambia mtu. Wiki ile wakapanga siku ya kumpasua.

Siku yenyewe ikafika. Mtoto wetu akatupigia asubuhi, anasema baba ataingizwa chumbani saa nane mchana, kwa saa za huku saa sita na nusu, na itachukua muda, tumuombee. Akampa mzee simu. Nilitaraji ataniusia. Akasema tu, "Gari yangu hali yake?"

Nikasema, "Inakungoja."

Binti yetu hakwenda kazini. Anazunguka ndani ya nyumba, anafungua friji, anaifunga. Mwisho akachukua ufunguo wa gari.

"Mama, yalla, njoo. Baba aliahidiwa hii gari ndiyo ikamchukue. Imekaa karibu miezi mitatu, betri itakufa. Naiwasha ipumue kidogo tu."

Najua nilipaswa kumwambia. Lakini ningesema panya wamekwenda mbele kwenye injini, ningesema na kofia, na kofia siku ile sikuweza kuitamka. Nikamfuata. Akalivua turubai, nikakaa kiti cha mbele alichokalia mzee, dada kasimama kibarazani ana beseni la nguo.

Kufunga mlango tu, harufu. Si ya panya peke yake. Mkojo, naftalini, ubani wa zamani, nanaa, yote kwa pamoja. Nikaweka mkono kitini nikaona sifongo imetoka, kitambaa kimetobolewa. Binti akasema bismillahi, akazungusha ufunguo.

Taa za dashibodi zote zikawaka kwa mpigo. Gari ikatetemeka. Halafu yale matundu ya esi yakapuliza, na tukapigwa usoni na manyoya, karatasi zilizotafunwa, punje za sukari zimekuwa nyeusi. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, moshi mwembamba unatoka pembeni ya boneti, unanuka kama nywele zilizoungua.

"Zima!" dada alipiga kelele. "Zima, tokeni!"

Binti akazima, akatoka upande wake. Mimi navuta kitasa, mlango haufunguki. Sijui nilivuta kipi, wallahi sijui mpaka leo. Moshi unazidi. Nami nikawaza, na Mungu anajua ndivyo nilivyowaza: sasa hivi kule India na yeye wanamfungua kifua, na mimi nimefungiwa kwenye kiti chake. Tunakwenda wote njia moja.

Mlango ukafunguka kwa nje. Dada wa kazi kanishika kwapani, kanivuta kama gunia, tukaanguka wote juu ya changarawe. Goti langu ndiyo hili, halijapona vizuri.

Moto haukuwaka, alhamdulillah. Moshi ukapungua wenyewe, ukaisha. Binti akampigia fundi wa Maabila anayeijua gari ile, Mpakistani mtu mzima. Akaja kwa pikapu yake, akachomoa betri, akafungua boneti, akaita. Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani na barafu gotini, lakini nikachechemea nikaenda.

Nyaya zimetafunwa mpaka shaba inaonekana. Na katikati, mahala pa kujikingia baridi, pana kiota. Kizuri, cha duara, kimepangwa. Cheupe. Nikainama. Ni nyuzi zangu. Nyuzi za kofia ya mzee, moja moja, zimechambuliwa kwa ustadi kama mtu alikaa kuzifumua. Ndani mna watoto wa panya, wekundu, hawajafumbua macho, wanapumua kwa kifua.

Fundi akasema kwa Kiarabu chake cha kuvunjika kwamba tungeiendesha barabarani ingetuunguza sote. Halafu akauliza, nani aliacha chakula ndani ya gari mpaka baridi?

Binti akanitizama. Dada akatizama chini. Saa ilikuwa nane kasoro. Mzee keshaingizwa.

Nikasema, "Lete ufagio."

Binti akasema, "Mama, leo? Sasa hivi? Ngoja basi tusikie khabari." Yeye, aliyekuwa ananicheka! Sasa kaogopa zaidi yangu.

Lakini mimi nilikuwa nimeviona vile vitoto, na nilijua wanakua. Kila siku niliyongoja ilikuwa inawalisha. Nikaingia kwa magoti yangu haya, nikafagia. Sikumwachia mtu. Kiti, chini ya kiti, mazulia, matundu kwa kijiti cha mswaki. Nilikuwa nikilia na nikisema, "Sikufagii weye, nafagia panya. Sikufagii weye, nafagia panya." Fundi akadhani nimerukwa na akili. Dada akakitoa kiota kwa kibeleshi, akaenda nacho mpaka kule wadini. Sikumuuliza alikifanyaje.

Tulikaa barazani mpaka magharibi. Simu iko juu ya mkeka katikati yetu. Ilipolia, hakuna aliyeishika mpaka ikalia mara ya nne.

Katoka salama.

Basi si mnajua mtu anavyocheka na kulia pamoja? Dada wa kazi alicheka, na nimeshakwambieni akicheka jambo lina maana.

Mzee akarudi baada ya wiki tano, kakonda, shingo kama ya jogoo. Gari ikaenda kumchukua, nyaya mpya, kiti kimeshonwa. Daktari kamkataza kuendesha, akaingia kwa kununa. Jicho la kwanza kwenye dashibodi.

"Kofia yangu iko wapi?"

Nikamsimulia yote, njia nzima, hata ile "inakungoja". Nilipofika kwenye ufagio akashika kifua kwa mikono miwili. Nikadhani anakufa. Kumbe anacheka, mishono inamuuma.

"Umenifagia mimi, nimelala nimepasuliwa?"

"Nimefagia panya."

"Lo! Mwanamke huyu!"

Hiyo ilikuwa baridi ya mwaka juzi. Mwaka huu madaktari wamemuita tena, mshipa mmoja haujakaa vizuri. Nimeshamshonea kofia nyingine. Na mara hii mzee akatupangia mwenyewe: msafiri atajifagilia nyayo zake kabla hajaondoka, asimtie mtu dhambini. Visheti alikataa. Usiku wa kabla ya safari aliifagia gari peke yake, anapumzika kila baada ya mlango mmoja. Njiani alikaa mikono mapajani kama mtoto wa chuoni, hakula kitu, hakunywa kitu. Kule uwanja wa ndege akakung'uta viatu nje ya mlango. Akaitwaa kofia juu ya dashibodi, akaivaa, akaipiga kofi.

"Haya," akasema. "Hapana kilichobaki cha kufagia."

Akaenda. Mimi nikabaki na sentensi ile.

Gari imefunikwa. Dada kaweka wavu wa chuma kwenye matundu yote, mitego iko pembeni, boneti inafunguliwa kila Ijumaa. Nyaya nzima. Kila siku baada ya alasiri nakwenda kuweka sikio mlangoni. Kimya. Jana niliingia ndani nikakaa kiti chake, nikapitisha kidole kwenye mshono wa kitambaa, natafuta hata punje moja ya sukari. Hakuna. Harufu yake hakuna. Hata uzi. Baridi ile ya kwanza niliomba kimya hiki, na sasa nimekaa ndani yake, sioni hata unyayo wa kumrudisha.

Leo asubuhi kapiga simu. Kesho wanamwingiza. Sauti imekuwa nyembamba tena.

"Gari yangu hali yake?"

Nilitaka kusema nzima. Nikatizama dirishani, turubai limetulia, dada anapita na ufagio mkononi, kanisikia, kasimama.

"Sijui," nikamwambia. "Njoo uitizame mwenyewe."